Mitandao Wazi ya Mawasiliano: Fedha za Serikali Hununua Nini?

Simu ya mkononi iliyoundwa Korea ya Kusini hutiwa laini iliyonunuliwa Mwanza, ikasemezana na mnara wenye mitambo ya Uchina au ya Uswidi, na maneno yakamfikia mtu aliyeko Kampala ambaye simu yake imetoka katika kiwanda kingine kabisa. Hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu. Hata hivyo halikutokea kwa bahati, wala halikuletwa na ukarimu wa wenye viwanda. Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya nchi za Ulaya ya Magharibi yaliunda kamati ya kutunga kanuni za simu moja ya pamoja. Kanuni hizo, ambazo hujulikana kwa herufi GSM, zilianza kutumika kibiashara huko Ufini mwaka 1991. Zilieleza kinaganaga jinsi simu na mnara vinavyosemezana hewani: masafa ya mawimbi, nguvu yake, na mpangilio wa biti. Mtengenezaji yeyote aliyezifuata aliweza kuuza simu zake popote penye mnara wa aina hiyo. Mahali pa namna hii, ambapo mtambo mmoja hukabidhi kazi kwa mtambo mwingine kwa kanuni zilizotangazwa, huitwa kiungo wazi.

Lakini uwazi huo hukoma kwenye antena. Mitambo ya mnara ina visanduku viwili. Kimoja hufungwa juu, karibu na antena, na kazi yake ni kupokea na kurusha mawimbi ya redio. Katika makala haya kitaitwa kisanduku cha redio. Kingine huwekwa chini, au kilomita kadhaa kutoka hapo, nacho hufanya mahesabu ya kugeuza mawimbi kuwa ujumbe na ujumbe kuwa mawimbi. Hicho ni kisanduku cha hesabu. Huunganishwa kwa uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Mwaka 2003 baadhi ya watengenezaji walikubaliana juu ya kanuni za uzi huo, zinazoitwa CPRI, ila waliacha nafasi nyingi ambazo kila mmoja alizijaza kwa njia yake. Matokeo yake ni kwamba kampuni ya simu iliyonunua kisanduku cha hesabu kwa mtengenezaji fulani imelazimika kununua na kisanduku cha redio kwake huyo huyo. Ni sawa na fundi anayeuza nati zisizokubali parafujo ya fundi mwingine. Bei ya kwanza huweza kuwa nafuu. Bei ya pili hupangwa na muuzaji.

Nani basi agharamie utafiti wa kukifungua kiungo hicho? Mtengenezaji mkubwa hana sababu, kwa kuwa kukifungua ni kumkaribisha mshindani mlangoni pake. Mtengenezaji mdogo angependa kifunguliwe, lakini hana minara ya kufanyia majaribio. Chuo kikuu kina wataalamu, ila hakina soko. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni serikali kadhaa, hasa za Uingereza na Marekani, zimetenga fedha nyingi kwa kazi hiyo. Jambo la kuchunguza ni kile ambacho fedha hizo hununua. Jibu zuri linapatikana katika kisa cha zamani zaidi, kisa cha mtandao ambao leo hujulikana kama intaneti.

Kompyuta nne zisizoelewana

Mwaka 1966 Robert Taylor alikuwa msimamizi wa utafiti wa kompyuta katika ARPA, idara ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ofisini kwake mlikuwa na vituo vitatu vya kuandikia, kila kimoja kimeungwa na kompyuta moja tu: ya Santa Monica, ya Berkeley, na ya Cambridge katika jimbo la Massachusetts. Kila kompyuta ilikuwa na amri zake, na aliyetaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine alilazimika kuinuka kitini na kuhamia kituo kingine. Kompyuta zote tatu zilitumika katika utafiti uliolipiwa na ARPA, na vyuo vilivyokuwa vikipata fedha zake viliendelea kudai mashine kubwa zaidi. Taylor alimwendea mkuu wake, Charles Herzfeld, akapewa dola zipatazo milioni moja za kuanzisha mtandao wa kuziunganisha kompyuta za watafiti.

Ugumu wenyewe unaonekana katika vituo vinne vya mwanzo vya mtandao huo, ARPANET, vilivyokuwa vimeunganishwa mwishoni mwa mwaka 1969. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilikuwa na kompyuta ya Sigma 7. Taasisi ya utafiti ya Stanford ilikuwa na SDS 940. Santa Barbara ilikuwa na IBM 360/75. Na Chuo Kikuu cha Utah kilikuwa na PDP-10. Mashine hizo hazikutofautiana kwa majina tu. SDS 940 ilipanga biti zake katika mafungu ya 24, PDP-10 katika mafungu ya 36, na zile nyingine mbili katika mafungu ya 32. Ujumbe ulioandikwa katika mafungu ya 36 ukipelekwa vivi hivi kwa mashine ya mafungu ya 24 huwa takataka.

Hapa mwanafunzi achukue kalamu. Iwapo kuna aina nne za mashine, na kila aina ifundishwe lugha ya kila aina nyingine, zinahitajika kazi za ufasiri 6, yaani jozi zote zinazoweza kuundwa. Aina zikiwa 20, jozi ni 20 × 19 ÷ 2, yaani 190. Lakini kama kila mashine itajifunza lugha moja ya pamoja, kazi ni 20 tu. ARPA ilichagua njia hii ya pili. Kampuni ya BBN ya Cambridge ilipewa mkataba wa kuunda kompyuta ndogo za kupokelea na kupelekea ujumbe, na moja iliwekwa katika kila kituo. Kompyuta kubwa ya chuo ilipaswa kuelewana na jirani yake huyo mdogo tu, na kanuni za kuelewana naye zilichapishwa katika taarifa ya BBN yenye namba 1822. Yeyote aliyekuwa nayo aliweza kujenga upande wake wa kiungo. Tarehe 29 Oktoba 1969 Los Angeles ilijaribu kupeleka neno la Kiingereza la kuingilia, lenye herufi tano, kwa Stanford. Zilifika herufi mbili, kisha mashine ya Stanford ikazimika. Kabla ya usiku kwisha jaribio lilirudiwa na kufaulu.

Ikumbukwe kwamba kufikia hapo uwazi ulikuwa nusu, kwa maana mtandao wenyewe ulikuwa mmoja na wa mtengenezaji mmoja. Tatizo la pili lilikuwa kuunganisha mitandao ya aina mbalimbali: ya waya, ya redio na ya setilaiti. Vinton Cerf na Robert Kahn walitangaza ufumbuzi wake mwezi Mei 1974, wakiazima mawazo kutoka kwa Louis Pouzin na wenzake wa Ufaransa, ambao mradi wao wa Cyclades nao ulikuwa ukilipiwa na serikali. Huko Ufaransa idara ya posta na simu iliupendelea mtandao wa namna yake, na Cyclades ikanyimwa fedha kabla ya kukomaa. Mawazo ya Pouzin yalistawi ng'ambo, katika kazi iliyolipiwa na serikali ya nchi nyingine.

Tarehe 22 Novemba 1977 jaribio kubwa lilifanywa. Ujumbe ulitoka kwa redio ndani ya gari lililokuwa likitembea barabarani karibu na San Francisco, ukaingia katika ARPANET, ukavuka bahari kwa setilaiti hadi Norwei na London, kisha ukarudi California. Ulisafiri zaidi ya kilomita laki moja kufika mahali palipokuwa kilomita mia kadhaa tu kutoka ulikoanzia. Mitandao mitatu iliyojengwa na watu tofauti kwa njia tofauti ilikuwa imekubali kanuni moja.

Alama kwa anayezungumza na mwenziwe

Sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa mara nyingi ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kanuni ikisha kuandikwa, watu wawili wenye akili timamu huisoma kwa namna mbili. Kila mmoja huunda programu yake, nayo hufanya kazi barabara mpaka ikutane na programu ya mwenzake. Jon Postel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California aliyekuwa akilipwa kwa fedha za ARPA, aliliona hilo mapema. Yeye na wenzake waliwaita waundaji pamoja, wakaziunganisha programu zao papo hapo na kuwapa alama, kama katika mashindano ya kuoka keki. Mwezi Septemba 1987 Postel alichapisha jinsi alama zilivyogawiwa. Programu iliyoweza kufungua mazungumzo na nafsi yake ilipata alama 1. Iliyoweza kufungua mazungumzo na programu ya mtu mwingine ilipata alama 2. Iliyoweza kuzungumza na programu za watu zaidi ya mmoja kwa wakati uleule ilipata alama 10.

Mpango huo una mzaha ndani yake, lakini unaonyesha wazi mahali pa thamani. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelipia siku ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna kitu kinachouzwa mwishoni mwake. ARPA ililipia. Ililipia pia BBN na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuzitia kanuni mpya katika mfumo wa UNIX, ambao ulisambazwa kwa vyuo vingi kuanzia mwaka 1983. Na kwa kuwa mtandao ulikuwa mali yake, iliweza kutoa amri: ifikapo tarehe 1 Januari 1983, kanuni za zamani zingezimwa. Waliochelewa walionywa kwa vitendo. Katikati ya mwaka 1982 kanuni za zamani zilizimwa kwa siku nzima, na wale ambao hawajajiandaa wakajikuta hawana mtandao.

Mwalimu asiwaache wanafunzi wakidhani kwamba kila mpango wa serikali hufaulu namna hii. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 serikali za Ulaya na Marekani zilikuwa zikitumia fedha nyingi zaidi kwa ajili ya kanuni nyingine za mitandao wazi, zilizoitwa OSI, zilizotungwa na kamati za kimataifa kwa uangalifu mkubwa. Kuanzia Agosti 1990 idara za serikali ya Marekani ziliamriwa kudai kanuni hizo katika ununuzi wao. Mwaka 1995 sharti hilo liliondolewa. OSI iliandikwa kwanza ikangoja kujaribiwa, ilhali kanuni za Cerf na Kahn zilijaribiwa huku zikiandikwa, na zilipatikana bure ndani ya mashine ambazo vyuo vilikuwa navyo tayari. Fedha zilikuwapo pande zote mbili.

Hesabu ya uzi wa kioo

Sasa uchunguzi urudi kwenye mnara. Je, ugumu wa kukifungua kiungo kilicho kati ya visanduku viwili ni hila za wafanyabiashara tu? Hapana, na hesabu ndogo itathibitisha.

Mnara wa kizazi cha nne hutumia upana wa masafa wa megahezi 20. Ili kulichora wimbi hilo kwa tarakimu, kisanduku cha redio hulipima mara milioni 30.72 kwa sekunde. Kila kipimo hutoa namba mbili, na kila namba huandikwa kwa biti 15. Kwa hiyo 30.72 × 2 × 15 ni megabiti 921.6 kwa sekunde. Zikiongezwa biti za usimamizi, moja kwa kila 15, jumla huwa 983.04. Na kwa kuwa uzi wa kioo hubeba biti 10 mahali pa kila biti 8, ili mpokeaji asipoteze mapigo ya saa, jumla hufika megabiti 1,228.8 kwa sekunde. Hiyo ni antena moja, ambayo kwa ubora wake wote huwapa wenye simu megabiti zipatazo 75. Uzi hubeba zaidi ya mara 16 ya ujumbe wenyewe! Sababu ni kwamba haubebi ujumbe. Hubeba umbo la wimbi.

Kizazi cha tano kina minara yenye upana wa megahezi 100, inayopimwa mara nne zaidi, na antena 64. Mtindo uleule ungedai 1,228.8 × 4 × 64, yaani karibu gigabiti 315 kwa sekunde kwa upande mmoja tu wa mnara. Haiwezekani kwa gharama ya kawaida. Ni lazima sehemu ya hesabu ihamishiwe juu, katika kisanduku cha redio, ili kiasi kinachopita kwenye uzi kipungue. Lakini ihamishwe sehemu gani? Ikihamishwa nyingi, kisanduku cha juu huwa kizito, ghali, na chenye joto. Ikihamishwa kidogo, uzi huelemewa. Tena kuna muda: mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 20 humaliza sehemu 100 za milioni za sekunde kwa safari ya upande mmoja, na simu inayongoja jibu haiwezi kuvumilia ucheleweshaji mwingi wa namna hiyo. Kuchagua mahali pa kukata ni swali la sayansi. Kuwashawishi wote wakate mahali pamoja ni swali la siasa na biashara.

Mwezi Februari 2018 kampuni tano za simu, za Marekani, Uchina, Ujerumani, Japani na Ufaransa, ziliunda umoja unaoitwa O-RAN Alliance, ambao umechagua mahali pa kukata na kuchapisha kanuni za kiungo hicho. Mwaka uliofuata Vodafone ilitangaza majaribio ya minara ya mitambo wazi katika Uingereza, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Msumbiji, ikitaja gharama kubwa za kufikisha simu vijijini.

Paundi, dola, na mnunuzi

Mwezi Julai 2020 serikali ya Uingereza iliamua kwamba mitambo ya kizazi cha tano ya kampuni ya Huawei iondolewe katika mitandao ya nchi hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Uamuzi huo ulitolewa kwa sababu za usalama, lakini ulifichua jambo la uchumi: kampuni za simu za Uingereza zilibaki na wauzaji wakubwa wawili tu, Nokia na Ericsson. Tarehe 30 Novemba 2020 serikali ilitangaza mkakati wa kuongeza idadi ya wauzaji, na kutenga paundi milioni 250 za kuanzia. Mwezi Desemba 2021 paundi zipatazo milioni 36 ziligawiwa kwa miradi 15 ya utafiti wa minara ya mitambo wazi, na serikali pamoja na kampuni za simu zikatamka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 35 ya mawasiliano ya simu za mkononi yapite katika mitambo ya aina hiyo. Desemba 2022 ziliongezwa paundi milioni 28 kwa ajili ya miradi ya vyuo vikuu vya York, Bristol na Surrey, na hadi milioni 80 kwa maabara ya taifa ya kupimia mitambo ya simu, huko Solihull.

Marekani ilifuata kwa kiasi kikubwa zaidi. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 iliweka dola bilioni 1.5 kwa utafiti wa mitambo wazi ya simu. Mgawo wa kwanza ulikwenda kwa kazi ya kupima. Mwezi Februari 2024 dola zaidi ya milioni 42 zilitolewa kwa kituo karibu na Dallas ambapo visanduku vya watengenezaji mbalimbali vingeunganishwa na kujaribiwa pamoja. Hizo ndizo alama 2 na alama 10 za Postel, kwa bei ya zama hizi. Kupima kunahitajika kwa sababu nyingine pia: kila kiungo kilichofunguliwa ni mlango mmoja zaidi wa kulinda, na uchunguzi ulioagizwa na ofisi ya serikali ya Ujerumani ya usalama wa kompyuta, uliotolewa Novemba 2021, ulikuta kwamba kanuni za O-RAN za wakati huo hazikuwa zimelizingatia jambo hilo vya kutosha.

Katika sehemu moja, hata hivyo, kisa cha leo hakifanani na cha ARPA. ARPA ilikuwa mlipaji wa utafiti na pia mwenye mtandao. Iliweza kuzima kanuni za zamani kwa amri. Serikali ya Uingereza haina minara. Inalipia maabara, kisha inangoja kampuni za simu zinunue, na kampuni za simu zina hesabu zao. Anayenunua visanduku kwa wauzaji wanne hupata bei nzuri, lakini mnara ukinyamaza usiku wa manane, wauzaji wanne hulaumiana. Anayenunua kwa mmoja humpigia simu mmoja. Gharama ya kuunganisha, ambayo zamani ilifichwa ndani ya bei ya mtengenezaji mkubwa, sasa humwangukia mnunuzi.

Ushahidi wa sokoni hadi sasa umechanganyika. Nchini Japani, Rakuten ilifungua mwezi Aprili 2020 mtandao wa kitaifa uliojengwa kwa namna hii tangu msingi. Huko Marekani kampuni ya Dish ilijenga mtandao wa namna hiyo hiyo, lakini mwezi Agosti 2025 mmiliki wake, EchoStar, alikubali kuuza sehemu kubwa ya haki zake za masafa kwa AT&T kwa dola zipatazo bilioni 23. AT&T yenyewe, mmoja wa waasisi watano wa O-RAN Alliance, ilitangaza Desemba 2023 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2026 asilimia 70 ya mawasiliano yake ya redio yatapita katika mitambo inayoweza kufunguliwa. Mkataba wa kazi hiyo, wa miaka mitano na wa thamani inayokaribia dola bilioni 14, ilimpa Ericsson. Viungo vya mitambo hiyo vimeandikwa wazi, na kampuni nyingine zinaruhusiwa kuvitumia. Je, mtengenezaji mdogo mwenye kisanduku bora cha redio atauziwa nafasi katika mnara uliojaa mitambo ya mwingine? Hilo litategemea kama katika maabara zilizolipiwa na umma kisanduku chake kitaonekana kikizungumza na cha mkubwa, mbele ya mashahidi, na kama kampuni ya simu itakuwa tayari kumchukua fundi wa pili.